Bustani ya Siku Tatu Nyeupe

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa hili: nilipanga bustani ya kukaliwa chini ya mbalamwezi wakati mtaa mzima hauna umeme, nikaamini giza lile litadumu.

Nitalieleza, maana ndilo lililonifunza kazi. Ninawaandikia ninyi watatu mnaobaki kwenye kitalu chetu cha Carama. Nina miaka thelathini na sita, na ninajua neno "kustaafu" linawachekesha. Mimi pia lilinichekesha, mpaka daktari aliponionyesha picha ya mgongo wangu na kunikataza kubeba hata kopo la mche. Basi nimestaafu. Habari za vyeo hamtazikuta hapa, kwa sababu kwetu hakuna vyeo. Kuna anayeshika jembe na anayeshika mpira wa maji, na wote wawili wanachafuka.

Nilianza mtaa wa Mutakura, nyuma ya nyumba niliyopanga chumba. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na video za watu wa mbali wakifundisha kupanda maua. Wote walikuwa wamevaa makoti. Ilinichukua miezi kuelewa maana ya makoti yale. Wakisema subiri baridi iishe, hawasemi na mimi. Wakisema mwezi hupita upande wa kusini, ni mwezi wao. Wa kwetu hupita karibu na utosi, tena hapa Bujumbura huchelewa, kwa sababu lazima kwanza uvuke milima ya mashariki ndipo utuone.

Nilikuwa mtu wa wasiwasi, na bado. Safu yangu ya kwanza niliipanda kwa kamba. Nikaona mche mmoja umetoka nje ya mstari kwa upana wa kidole, nikaung'oa na kuupanda upya. Wa pembeni yake nao ukaonekana umepinda. Baada ya wiki safu ilikuwa imenyooka kabisa, na imekufa yote. Mama mwenye nyumba alikuja akasimama juu yake mikono kiunoni.

"Deziré," akasema, "makaburi yako iko muzuri."

Bustani za mbalamwezi nilizipata kwa ajili ya umeme, au tuseme kwa kukosekana kwake. Mnajua jinsi watu wa mjini wanavyotoa viti nje umeme ukikatika. Jioni moja ya namna hiyo, nikiwa nimekaa kwenye ndoo, niliona kwamba maua mekundu niliyoyahangaikia mchana yamepotea kabisa, na yaliyobaki ni asumini niliyoitupa kwenye kona pamoja na ukuta uliopakwa chokaa. Nikaanza kuandika kwenye daftari vitu vinavyobaki. Maua meupe. Majani yenye kingo nyeupe. Mawe ya chokaa. Mchanga ukiwa mkavu. Baadaye nikagundua njia ya visosi, ambayo bado naiamini kuliko simu yoyote: chukua visosi sita vyeupe, vitawanye chini saa ile mwenye nyumba atakapokaa, rudi nyuma uangalie. Kisosi kinachoonekana, hapo panda. Kisichoonekana, hapo weka njia ya mbwa.

Chombo changu kingine kilikuwa arozwari, ile ndoo ya bati yenye shingo ndefu na kichwa cha matundu. Niliinunua sokoni Buyenzi. Matundu yake yalikuwa madogo na sawasawa, na maji yalitoka laini hata mbegu hazikusogea. Chini yake palikuwa na alama, vitone vitatu vilivyopigwa kwa msumari. Sikujua ni vya nani. Nilifikiri ni kasoro, na kusema kweli vilininyima raha.

Mama Hadija alinikuta nimeishika ndoo ile siku alipokuja kitaluni. Ni mama wa makamo, Mwislamu wa Buyenzi tangu babu zake, ambaye yeye na mume wake walikuwa wamehamia mtaa wa Gihosha kwenye nyumba ya binti yao. Aliitazama arozwari kabla ya kunitazama mimi.

"Hiyo ni kazi ya Mzee wangu," akasema. "Geuza chini. Vitone tatu, ao siyo?"

Niligeuza. Mume wake, Mzee Shabani, alikuwa fundi wa bati maisha yake yote, mpaka ugonjwa wa kupooza ulipompiga. Mama Hadija alinionyesha kwa kidole, akivuta shavu lake mwenyewe.

"Mudomo ulienda huku. Mukono wa kuume umekufa. Sasa hatoki. Mchana hatoki, na taa ikiwaka hatoki. Anasema watu wanamuangalia kama mutu anaangalia ajali."

"Anapenda maua?"

"Apana. Hapendi maua, hapendi kitu." Kisha akaniambia alichotaka. Kila mwezi hufunga zile siku ambazo Waislamu huziita siku nyeupe, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi wao, wakati mwezi wa angani umejaa. Jioni moja ya siku hizo umeme ulikuwa umekatika, naye alikuwa anafuturu barazani peke yake. "Nikasikia muguu yake. Alifika mupaka mulangoni. Mwaka muzima hajafika pale! Akasimama, akaangalia mwezi, akarudi. Niliogopa hata kumuita. Sasa we unitengenezee pahali atakaa. Siku zile tatu tu, kutoka magharibi mupaka isha. Mwezi unaonesha mutu, lakini hauoneshi vyote."

Akanifanya niahidi kwamba sitamwambia mtu yeyote sababu ya bustani ile.

Nilifanya kazi pale siku ishirini. Kiwanja kilikuwa kidogo, kimegusana na ukuta wa jirani. Niliweka asumini pembeni mwa mahali pa kiti na maua meupe ya tarumbeta mbali zaidi, karibu na ukuta, kwa sababu yana sumu na mtu wa mkono mmoja asiyaguse kwa bahati mbaya. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti nilipanga mawe ya chokaa, hatua kwa hatua. Nilipima hatua zile kwa miguu yangu. Nawaomba mkumbuke hilo.

Mzee Shabani sikumwona hata mara moja. Nilimsikia tu, kwenye dirisha lenye pazia. Maneno yake yalitoka mazito, yakiburuta upande mmoja, lakini baada ya siku mbili nilikuwa nayaelewa yote, na si yote yaliyonifurahisha.

"We kijana. Unamwagilia ao unabatiza?"

"Namwagilia, Mzee."

"Basi inamisha shingo ya arozwari. Niliiweka ile shingo ndefu kwa sababu. Siyo uzuri."

Niliinamisha. Alikuwa sahihi, na nilikuwa nimeitumia vibaya miaka minne.

"Na hayo mawe, unayahamisha mara ngapi?"

"Hii ni ya mwisho."

"Jana ilikuwa ya mwisho."

Siku zile transfoma ya upande ule ilikuwa imeungua. Majuma mawili na zaidi mtaa ulikuwa giza, nami nilishukuru, Mungu anisamehe. Nilikuja na visosi vyangu jioni baada ya jioni, nikavitawanya, nikasahihisha. Kila kitu kilikaa sawa. Nilichora kwenye daftari njia ya mwezi, saa unayovuka mlima tarehe kumi na tatu, saa unayovuka tarehe kumi na tano, ambapo huchelewa karibu mpaka isha. Ukutani kwa jirani palikuwa na taa kubwa ya ulinzi. Niliiona. Nilipima hata umbali wake na kuandika: "Taa, haiwaki." Maneno hayo bado yako kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Tarehe kumi na tatu ikafika. Jua lilizama nyuma ya milima ya Kongo, na upande wa pili mwezi ulikuwa tayari umetoa bega juu ya kilima. Mama Hadija aliweka mkeka, sinia, tende na uji. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na nilipaswa kwenda nyumbani. Sikwenda. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, kwa sababu nilitaka kuona kama kazi yangu ni nzuri. Nimeona haya kwa jambo hilo kuliko mengine yote.

Mzee Shabani alitokea mlangoni na taulo begani. Mtu mrefu, mguu mmoja ukiburuta. Akatazama chini.

"Mama Hadija, nani amemwaga maziwa hapa?"

"Ni njia yako. Fuata maziwa."

"Ni ya mutu mwenye miguu ya korongo," akasema, lakini akaifuata, polepole, mpaka kwenye kiti. Akakaa. Akachukua tende kwa mkono wa kushoto. Mama Hadija alikuwa anaongea habari za ukwaju, kwamba wa sokoni siku hizi una kokwa tupu, na yeye akajibu kitu, na mama akacheka. Nilikuwa nahesabu maua. Naam, mtu alikuwa anacheka na mume wake nje ya nyumba baada ya mwaka mzima, na mimi nilikuwa naangalia tarumbeta moja ambalo halikufunguka.

Kisha kutoka bondeni tukasikia makelele ya watoto: "Moto umerudi! Moto umerudi!" Kwetu moto ndio umeme. Taa ya jirani ikawaka.

Haikuangaza bustani. Ilimwangaza yeye. Kiti nilikuwa nimekiweka pale ambapo hakuna tawi wala kivuli, ili mwezi umfikie. Tende ikaanguka. Alivuta taulo mpaka puani, akasimama, akakanyaga jiwe la kwanza, la pili likawa mbali mno, akaanguka kwa goti katikati ya asumini. Mimi nikatoka mbio nyuma ya tangi ili nimsaidie. Ndipo akajua kwamba muda wote kulikuwa na mtu wa tatu.

"Kumbe kuna watazamaji," akasema.

Mama Hadija alimwinua. Mlangoni Mzee alisimama bila kugeuka. "Kijana. Zima bustani yako."

Dirisha lilifungwa tangu usiku ule. Mwezi uliofuata Mama Hadija alifuturu peke yake ndani. Hakunilaumu, na hilo lilinisumbua zaidi. Nilijaza kurasa za daftari na tiba: ua wa miti ambao ungechukua mwaka kufika kimo kile, mkeka wa matete ambao upepo wa ziwani ungeuchana, kuhamisha kiti mahali ambapo mwezi haufiki. Nilipanga kila kitu isipokuwa kubisha hodi kwa jirani. Nilikwenda getini kwake mara tatu na kurudi. Mara ya nne nilikuwa nimeandika hotuba kwenye karatasi.

Jirani alikuwa Mama Neema, aliyekimbia kutoka Uvira, Kongo, muuzaji wa ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa. Aliisikiliza hotuba yangu mpaka katikati.

"Ngoja. Taa yangu ilikukosea nini?"

"Inaingia kwenye bustani."

"Nizime taa ili we uone maua? Baba, mi nilivuka na watoto nne, usiku, bila hata kibiriti. Natoka saa kumi ya alfajiri kwenda sokoni, wanabakia peke yao. Ile taa ndiyo bwana wa nyumba."

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nikatafuta maneno, nikasema kuna mtu anataka kukaa nje na hawezi.

Akanitazama. "Mzee wa dirisha?"

Nikakunja karatasi ya hotuba.

"Si useme. Miezi yote namusalimia asubui, 'Jambo Mzee,' na yeye anafunga pazia. Nikasema basi, uyu hataki Wakongomani." Alikunja midomo, akafikiri. "Kuzima, apana. Lakini mi nataka mwanga ku geti yangu, sitaki kwenu. Itafutie kofia. Taa ivae kofia, iangalie chini."

Kofia ya bati. Nilikata debe la mafuta ya kupikia, nikakaa pembeni mwa ukuta wa Mama Hadija na mkasi wa kuazima. Kofia ya kwanza ilitoka kama bahasha. Ya pili ilinikata kiganja. Nilikuwa naanza ya tatu, saa nne asubuhi, jua kali, bati likipiga kelele chini ya mkasi, niliposikia dirisha likifunguliwa.

"Nani anaua hiyo bati?"

"Mimi, Mzee."

"Iache."

"Lazima niimalize."

"Nimesema iache, unaisikia vile inalia?"

Niliendelea. Haikuwa hila ya kumtoa nje, kama mtakavyofikiri. Nilikuwa nimechoka na nina hasira na debe. Mara mlango ukafunguka na Mzee Shabani akaja, mchana kweupe, taulo mdomoni, akiburuta mguu nje ya mawe yangu, kwenye majani, mahali palipomfaa yeye. Alininyang'anya mkasi kwa mkono wa kushoto. Akashindwa kushika bati kwa wa kulia, akanitazama.

"Shika hapa. Apana, hapa. Vidole nje, bado unavihitaji."

Nikawa mkono wake wa kulia. Alikata duara kwa jicho, bila kipimo, mimi mwenye daftari lenye vipimo vyote mfukoni. Alinifundisha kukunja ukingo kwanza ndipo upige nyundo, na kwamba bati hupigwa mara nyingi kidogo kidogo. Taulo lilianguka wakati anainama. Aliliangalia, akaangalia bati, akaendelea na bati. Mwishoni akaomba msumari, akapiga vitone vitatu ndani ya kofia, kimoja kikatoka pembeni. Nilitamani kukisawazisha. Sikuthubutu.

Mama Neema alikuwa amesimama getini kwa Mama Hadija sijui tangu lini, beseni kichwani.

"Jambo Mzee."

Mzee aliweka nyundo chini. Kisha akasema kitu, kizito, upande mmoja.

"Anasema nini?" Mama Neema akaniuliza.

Nikafungua mdomo nitafsiri, lakini Mzee akanizuia kwa mkono na kurudia mwenyewe, pole pole, akimtazama: "Nimesema, ngazi iko? Ao taa itashuka yenyewe?"

Mama Neema alicheka mpaka akashusha beseni.

Tarehe kumi na tatu iliyofuata bustani ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imeosha chokaa, asumini aliyoiangukia ilikuwa imevunjika upande mmoja, na majani yalikuwa marefu. Nilikuja mchana na ndoo ya chokaa. Mama Hadija alinikuta nimepiga magoti mbele ya jiwe la kwanza.

"Acha," akasema.

"Nusu saa tu, Mama."

"Mutoto yangu, acha. Sogeza mawe karibu karibu, basi. Halafu uende nyumbani."

Nilisogeza mawe, nikipima hatua kwa alama za mguu wake zilizobaki kwenye majani tangu siku ya bati. Kisha nikaenda nyumbani. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya pale. Jioni ile niliona mwezi ukivuka kilima nikiwa kwenye ndoo yangu Mutakura, na umeme ukiwaka mtaa mzima.

Kesho yake nilipopita kuchukua jembe langu, Mzee Shabani alikuwa barazani, asubuhi, bila taulo.

"Maua yako," akasema, "yananuka sabuni."

"Niyaondoe?"

"Nani amesema uondoe?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, na hayo ndiyo ninayowaachia pamoja na visosi sita na arozwari yenye vitone vitatu, ambayo mtainamisha shingo yake. Tangu wakati ule sijapanga bustani hata moja bila kwanza kukaa kwenye kiti cha mwenyewe, kwa saa yake, umeme ukiwaka, na kubisha hodi kwa jirani. Mzee Shabani hukaa nje jioni zile tatu kila mwezi, na siku nyingine nyingi ambazo hazina mwezi. Taa ya Mama Neema bado imevaa kofia. Na mimi, kazi ikiisha, naondoka.